Kufunga Vifaa vya Kufuatilia Gari za Biashara: Nasaha kwa Wenye Gari, Madereva na Watumishi wa Serikali

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara)

Ndugu wenye gari za biashara, ndugu madereva na makonda, watumishi wa Serikali na wananchi nyote mliohudhuria,



Awali ya yote sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujaalia uzima na kutukutanisha kwa jambo lenye manufaa kwetu sote. Hali kadhalika nakushukuruni nyinyi mlioziacha shughuli zenu, na hasa madereva, ambao kila saa wanayokaa hapa ni safari waliyoikosa.

Mazungumzo yetu yanahusu vifaa vidogo vya kufuatilia gari, ambavyo wenye biashara wengi hivi sasa huvinunua na kuvifunga wenyewe. Mwenye daladala mbili za Bububu au Fuoni, mwenye gari tano za kuchukua watalii baina ya uwanja wa ndege na hoteli za Nungwi na Paje, na mwenye malori ya kubeba saruji na matofali, wote wana haja moja: kujua gari iko wapi, inakwenda kwa kasi gani na imetembea masafa kiasi gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kifaa hiki ni daftari linalojiandika lenyewe.

Jambo lenyewe si baya, na kulifanya kwa mkono wako si kosa. Lakini daftari hili lina hatari tatu, nazo ni moto, ajali na fitina. Moto hutokana na waya uliofungwa vibaya. Ajali hutokana na kuizima gari ikiwa mwendoni. Fitina hutokana na kumpeleleza dereva kwa siri, au kumhukumu kwa alama moja ya ramani. Nasaha ninazozitoa leo si sheria mpya. Ni maelezo ya kumwezesha mwenye mali ailinde mali yake bila ya kuwadhuru watu wanaoiendesha na wanaoipanda.

KIFAA HUFANYAJE KAZI

Kuna watu wanaodhani kwamba setilaiti huko juu inaitazama gari na kumpelekea tajiri habari zake. Sivyo. Setilaiti hutoa ishara tu, mfano wa mnara wa taa unaowaangazia wenye vyombo baharini bila ya kujua ni chombo gani kinachopita. Kifaa kilichomo ndani ya gari hupokea ishara hizo, na kikipata ishara za setilaiti zisizopungua nne huweza kukokotoa pahala kilipo. Baada ya hapo hutumia kadi ya simu iliyomo ndani yake kupeleka taarifa kwa njia ya mtandao wa simu, na mwenye gari huziona katika simu yake au kompyuta.

Mfumo mashuhuri zaidi wa setilaiti hizo ni wa Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mfumo ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti zake huzunguka katika urefu wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Hadi tarehe 1 Mei, 2000, Marekani ilikuwa ikiitia kasoro kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kiasi cha mita 100. Kasoro hiyo iliondolewa usiku wa siku hiyo, na ndipo vifaa vya namna hii vilipopata manufaa ya kweli kwa watu wa kawaida. Leo ipo pia mifumo ya Urusi, Ulaya na China, na vifaa vingi hupokea ishara za zaidi ya mfumo mmoja.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yana matokeo mawili. Kwanza, kifaa kisichoiona mbingu hakijui kilipo. Pili, kifaa kilicho nje ya mtandao wa simu huweza kujua kilipo lakini kikashindwa kukwambia. Kifaa kizuri huweka kumbukumbu zake na kuzipeleka kinapoupata mtandao tena. Basi taarifa ikikatika, isichukuliwe moja kwa moja kuwa dereva ana jambo analolificha.

KUCHAGUA KIFAA

Vifaa vipo vya namna tatu. Namna ya kwanza huchomekwa katika tundu la uchunguzi la gari, ambalo aghalabu huwa chini ya usukani. Hiki hakihitaji fundi wala kukata waya, lakini mtu yeyote huweza kukichomoa kwa mkono mmoja. Namna ya pili huunganishwa na waya za gari, nacho ndicho kinachofaa zaidi kwa gari ya biashara. Namna ya tatu hutumia betri yake mwenyewe na kushikizwa kwa sumaku. Hufaa kwa tela na mitambo isiyo na umeme, ila betri yake hubidi kuchajiwa.

Kabla ya kununua, soma kiwango cha umeme kilichoandikwa juu ya kifaa. Gari ndogo hutumia volti 12, na malori mengi hutumia volti 24. Kifaa cha volti 12 pekee kikifungwa katika lori la volti 24 huungua, na huenda kikaunguza na vyengine. Aidha, kadi ya simu ya kila kifaa iandikishwe kwa jina la biashara au la mwenye gari. Isiandikishwe kwa jina la dereva wala la fundi, kwani anayeimiliki kadi ndiye anayeumiliki mlango wa taarifa zako.

KUFUNGA KWA USALAMA

Ndugu zangu, hapa ndipo penye hatari ya moto. Anayetaka kufunga kifaa mwenyewe awe na mita ya kupimia umeme na ajue kuitumia. Asiye na mita, au asiyeijua, na ampelekee fundi umeme wa gari. Gari nyingi za biashara katika visiwa vyetu ni zile zilizokwisha kutumika Japani, na nyengine zimepita mikononi mwa mafundi wengi. Rangi ya waya haiwezi kuaminiwa. Waya mwekundu katika gari moja huenda usiwe na kazi ile ile katika gari ya pili.

Kifaa cha kawaida huhitaji waya tatu. Wa kwanza ni chanya wa kudumu, ambao mita huonesha volti 12 au 24 wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Wa pili ni waya wa swichi, ambao huwa na umeme ufunguo unapowashwa na hukosa umeme unapozimwa. Wa tatu ni hasi, unaofungwa katika chuma safi cha bodi kisichokuwa na rangi wala kutu.

Kupima hufanywa betri ikiwa imefungwa. Kukata na kuunga waya hufanywa betri ikiwa imefunguliwa. Kwa hiyo, ukishazitambua waya na kuzitia alama, fungua kwanza waya hasi wa betri, na uwe wa mwisho kurejeshwa kazi itakapomalizika.

Fyuzi ni lazima, na iwekwe karibu na pale umeme unapochukuliwa. Waya za kifaa ni nyembamba. Ukiziunga katika waya mkubwa wenye fyuzi ya ampea 15 au 20, waya mwembamba utawaka moto kabla ya fyuzi hiyo kukatika. Tumia fyuzi ya kiwango alichokitaja mtengenezaji, ambayo kwa vifaa vingi huwa baina ya ampea 1 na 3. Fyuzi ni kitu cha thamani ndogo sana, na bila ya hicho gari nzima huweza kuteketea.

Viungo vya waya visiwe vya kusokota na kuzungushiwa tepu peke yake. Katika joto letu tepu huachia gundi, na hewa ya chumvi ya bahari huila shaba mpaka ikawa unga wa kijani. Waya ziungwe kwa risasi au kwa vibanio madhubuti, kisha zifunikwe kwa mipira inayobana inapopashwa moto. Zifungwe vizuri zisining'inie juu ya pedali wala kugusa mhimili wa usukani. Na waya au viungo vya rangi ya manjano visiguswe kabisa, kwani kwa kawaida hivyo ni vya mifuko ya hewa ya kinga, nayo huweza kufumuka usoni mwa anayeichezea.

Pahala pa kukiweka kifaa pawe chini ya plastiki ya dashibodi, uso wake ukielekea juu. Kisiwe chini ya bamba la chuma, wala karibu na injini, wala pahala panapoingia maji ya mvua za masika.

Jambo jengine ni betri ya gari. Kifaa hula umeme hata gari ikiwa imelala. Tuchukue mfano wa kifaa kinachotumia miliampea 30. Kwa siku moja kitakula ampea-saa 0.72, na kwa siku 30 kitakula takriban 22. Betri ya ampea-saa 60 itakuwa imepungukiwa na zaidi ya thuluthi. Mwenye gari inayokaa muda mrefu msimu wa wageni ukipungua na aliangalie hili, asije akamlaumu dereva kwa betri iliyokufa.

Mwisho, anza na gari moja. Ifuatilie kwa wiki nzima, ulinganishe taarifa na kitabu cha safari, kisha ndipo uendelee na nyengine. Kila gari iwe na ukurasa wake katika daftari: namba ya gari, namba ya utambulisho ya kifaa yenye tarakimu 15, namba ya kadi ya simu, pahala kilipofungwa, kiwango cha fyuzi, tarehe na jina la aliyefunga.

KUZIMA GARI KUTOKA MBALI

Nakuombeni mnisikilize kwa makini katika hili. Vifaa vingi huuzwa pamoja na relei, yaani swichi ndogo ya kukatia umeme wa pampu ya mafuta, ili mwenye gari aweze kuizima kwa ujumbe wa simu. Wauzaji huisifu kwamba ni dawa ya wizi.

Tufikirie yanayotokea injini inapozimika gari ikiwa kasini. Usukani unaosaidiwa na injini huwa mzito ghafla. Breki hupoteza msaada wake, na baada ya kukanyagwa mara chache pedali huwa ngumu kama jiwe. Tajiri aliyeko dukani Darajani hajui kama gari wakati huo inateremka mlima, inapishana na lori au inawapita watoto wanaotoka skuli. Ameona alama inatembea katika kioo cha simu, akabonyeza. Aliyomo ndani ni roho za watu.

Nasaha yangu ni kwamba gari ya abiria isifungwe relei ya kukata mafuta. Mwenye kulazimika kuwa na kinga ya wizi na amwendee fundi anayefahamu, amfungie kinga katika njia ya stata, ili gari iliyokwisha kuzimwa isiweze kuwashwa tena. Kwa namna hiyo haitazimika ikiwa mwendoni. Na gari ikiibiwa, kazi ya mwenye gari ni kukipelekea kituo cha Polisi taarifa ya pahala ilipo. Asiifukuze mwenyewe.

Hatari hii huzidi pale kifaa kinapokuwa hakina ulinzi. Mwaka 2019 wataalamu wa kampuni ya Avast walieleza kwamba wamegundua vifaa vya kufuatilia takriban 600,000 vilivyokuwa vikitumika na neno la siri la kiwandani, nalo ni 123456. Mwezi Julai, 2022, Serikali ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya kifaa cha gari aina ya MiCODUS MV720, baada ya wataalamu wa kampuni ya BitSight kugundua kasoro zilizomwezesha mtu wa mbali kuifuatilia gari isiyokuwa yake, na hata kuikatia mafuta. Kwa hiyo, siku ile ile unayofunga kifaa, badilisha neno la siri. Lisiwe mwaka wa kuzaliwa wala namba ya gari, na lisiandikwe katika karatasi iliyobandikwa dukani.

HAKI YA DEREVA

Sasa tuingie katika fitina, ambayo haina fyuzi ya kuikata.

Dereva ni mtu aliyekabidhiwa amana, na tajiri ana haki ya kuiulizia amana yake. Dini imetufundisha kuandikiana madeni ili shaka isiingie baina yetu, na imetukataza kupelelezana. Kifaa kilichotangazwa ni cha namna ile ya kwanza. Kifaa kilichofichwa ni cha namna ya pili. Chombo ni kile kile, lakini nia na njia zimekifanya kuwa vitu viwili.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda faragha ya mtu. Hali kadhalika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ya Jamhuri ya Muungano, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, imeweka msingi kwamba anayekusanya taarifa za mtu amjulishe makusudio ya kuzikusanya. Mwenye shaka juu ya wajibu wake na aulize mwanasheria. Lakini hata pasipokuwa na shauri la mahkama, busara yenyewe inatosha.

Nashauri basi kila mwenye gari aandike waraka mfupi wa Kiswahili, amsomee dereva wake, na wote wawili watie saini. Waraka uyaeleze mambo manne: kwamba gari ina kifaa, taarifa zinakusanywa kwa ajili gani, nani anayeziona, na zitahifadhiwa kwa muda gani kabla ya kufutwa. Iwapo dereva anaruhusiwa kulala na gari kwake, waraka useme wazi kwamba baada ya saa za kazi tajiri hatafuatilia nyendo zake, isipokuwa gari imepotea.

Madereva nao wasikione kifaa kuwa ni adui. Abiria anapolalamika kwamba gari ilikwenda kasi kupita msitu wa Jozani, au mgeni anapodai kwamba hakuchukuliwa hotelini kwa wakati, kumbukumbu hizo hizo huweza kumsafisha dereva asiye na hatia.

KUSOMA TAARIFA KWA INSAFU

Kukusanya taarifa ni rahisi kuliko kuzifahamu. Katika uwanja wa wazi kifaa hukosea mita chache tu. Lakini pembezoni mwa Mji Mkongwe, penye kuta ndefu na njia nyembamba, ishara hugonga kuta na kurudi, na gari iliyosimama huweza kuonekana imerukia mtaa wa pili. Alama moja si ushahidi.

Aidha, zingatieni muda baina ya taarifa moja na nyengine. Gari inayokwenda kilomita 60 kwa saa hutembea kilomita moja kwa dakika. Kifaa kikipeleka taarifa kila baada ya sekunde 30, gari huwa imekwenda mita 500 baina ya alama mbili, na ramani huzichora kwa mstari ulionyooka, kana kwamba gari imepita ndani ya mikarafuu na nyumba za watu. Kikipeleka kila baada ya sekunde 10, masafa hayo hupungua hadi mita 167 hivi.

Katika hesabu ya mafuta, msihukumu kwa siku moja. Gari iliyozoea kwenda kilomita 8 kwa lita ikishuka ghafla hadi 6, huenda mafuta yameibiwa, na huenda pia tairi hazina upepo, breki zinashika au foleni ya Mwanakwerekwe ilikuwa ndefu. Linganisheni mwezi kwa mwezi, na mwulizeni dereva kabla ya kumtuhumu. Kazi ya mtu huweza kupotea kwa neno moja la haraka, na jina likishachafuka katika mji mdogo kama wetu halisafishiki upesi.

GARI ZA SERIKALI NA GARI ZINAZOVUKA BAHARI

Kwa watumishi wenzangu, yote niliyoyasema yanatuhusu na sisi. Gari ya Serikali ni mali ya wananchi, na kifaa kikifungwa ndani yake hakiondoi wajibu wa kujaza kitabu cha safari. Vyote viwili visomwe pamoja. Na hakuna mtumishi anayeruhusika kuzitoa taarifa za nyendo za mwenzake kuwa porojo za barazani.

Kwa wenye gari za abiria zinazofanya kazi Tanzania Bara, huko ipo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ambayo hufuatilia mwenendo wa mabasi ya masafa marefu kwa mfumo wake. Kifaa ulichojifungia mwenyewe hakichukui nafasi ya mfumo huo. Ulizeni kabla ya kuvusha gari.

Ndugu wananchi, nimalizie kwa kuwakumbusha yale matatu. Moto huzuiwa na fyuzi na kiungo madhubuti. Ajali huzuiwa kwa kuacha kabisa kuizima gari iliyo mwendoni. Fitina huzuiwa kwa kumwambia dereva ukweli kabla ya kuufunga msumari wa kwanza. Aliyetimiza mawili ya mwanzo akaliacha la tatu atakuwa ameilinda gari na kumpoteza mtu wa kuiendesha, na gari nzuri isiyokuwa na dereva mwaminifu ni hasara iliyoegeshwa uwanjani.

Mwenyezi Mungu atujaalie salama katika safari zetu za Unguja na Pemba, na atuwezeshe kuziangalia amana tulizokabidhiwa.